Mfumo ukichelewa, msituongezee watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, hasa wajumbe wa bodi. Mimi ni karani wa leja katika SACCOS moja hapa Ujiji, mwaka wa kumi na moja sasa. Tuna wanachama 640, wengi wao wauza dagaa na wenye mashamba ya michikichi.

Mwaka jana bodi iliamua tuachane na leja za karatasi, tuhamie kwenye kompyuta. Dirisha lifunguliwe Januari kwa mfumo mpya. Tarehe hatukuipinga, maana hesabu za mwaka tunafunga Desemba 31. Kuingiza taarifa tulipewa wawili, mimi na mwenzangu wa dirishani, na kwa siku tulikuwa tunamaliza wanachama kama 25, kila salio tukililinganisha na kitabu cha mwanachama mwenyewe. Mvua zikaanza. Radi ya Kigoma ikipiga unachomoa kompyuta ukutani, unakaa.

Katikati ya Desemba walikuwa wamebaki zaidi ya 400. Nilimwambia meneja kwamba kwa mwendo ule tungemaliza kabla ya katikati ya Januari. Lakini bodi ilipomuuliza tumefika wapi, alijibu asilimia 90, kwa kuwa kompyuta zilishafungwa na mafunzo yalishafanyika. Wiki iliyofuata akajibu 90 tena. Bodi ikaona tunazembea, ikatuletea vijana wanne watusaidie.

Vijana walijituma, siwalaumu hata kidogo. Ila nani angewaambia kwamba Zaituni na Zeituni ni watu wawili, mmoja wa Kibirizi na mwingine wa Katonga? Au kwamba karani aliyenitangulia moja yake ilikuwa na kichwa kirefu, usipoizoea unasoma saba, na saba yake unasoma moja? Siku mbili nzima hatukuingiza mwanachama hata mmoja, tunafundisha tu. Kisha tukaamriwa tuache kulinganisha na vitabu ili tuwahi.

Tuliwahi. Wiki ya kwanza ya Januari akaja mama mmoja wa dagaa kuchukua fedha za nyavu. Kompyuta ikaonyesha akiba yake ni shilingi 180,000. Akafungua pindo la khanga, akatoa kitabu chake, akakilaza dirishani na kupitisha kidole muhuri kwa muhuri hadi wa mwisho: 780,000. "Mwanangu, laki sita zangu ziko wapi?" Watu nyuma yake kwenye foleni wakanyamaza. Nilikimbilia leja, nikaiona ile saba. Fedha yake alipata siku hiyohiyo, lakini kuanzia kesho yake watu walipanga mstari tangu alfajiri wakiwa na vitabu mkononi, na mpaka leo tunasahihisha.

Kijana wangu anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma aliniambia hili si geni. Mmarekani Frederick Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya kompyuta za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi, kwa sababu wageni lazima wafundishwe na wale wale waliokuwa wakifanya kazi. Nilipomsikia niliona ofisi yetu.

Sasa imebaki leja ya mikopo, na bodi inataka iingie yote kabla ya Machi 31. Naiomba, na bodi nyingine zilizo njiani kama sisi: siku zikibana, punguzeni kazi. Ianze mikopo inayolipwa sasa, ya zamani isubiri Aprili. Leja ya karatasi iendelee kuandikwa sambamba na kompyuta walau mwezi mmoja. Na mkitaka kujua tumefika wapi, msiulize asilimia. Njooni mezani muulize ni wanachama wangapi wamelinganishwa na vitabu vyao, nitawahesabia.

Karani wa SACCOS,
Ujiji, Kigoma