Kabla hujatia saini

Rehema mpenzi,

Salaam nyingi. Natumai watoto hawajambo na kikohozi cha yule mdogo kimepoa. Huku sote wazima, Bi Mwanaidi anakuulizia kila tukionana. Mengine baadaye, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi.

Umeandika kwamba wewe na mumeo mmekwisha elewana kuhusu talaka yenu: madeni yote ya masomo abaki nayo shemeji, hakimu aidhinishe, nawe uwe huru. Huru vipi, Rehema? Ule mkopo wa benki aliochukua akimalizia ufamasia, si wewe uliyemdhamini? Kama jina lako limo kwenye mkataba ule, amri ya talaka hailitoi. Amri inawafunga ninyi wawili tu. Benki haikuwamo mahakamani na haikukubaliana na mtu. Siku shemeji akiacha kulipa watakuja kwako, na rekodi yako ya mikopo itachafuka pamoja na yake. Ndiyo, utaweza kurudi kwa hakimu ukamshtaki kwa kuvunja makubaliano, lakini huku nyuma deni linakungoja wewe.

Mikopo yake ya serikali kuu hainitishi. Ile ameichukua kwa jina lake peke yake, na itabaki yake.

Nilikaa na Salim akanifungulia sheria ya familia ya California, kifungu cha 2641. Huko kwenu deni lililoingiwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni la wote wawili, ila mkopo wa masomo umetengwa, mara nyingi anabebeshwa aliyesoma. Kwa hiyo wakili wa shemeji anapokuambia kwamba mteja wake "amekubali" kuubeba, hajakupa zawadi yoyote. Na kuna jambo ambalo hukulitaja kabisa: pesa za ndoa zilizolipia karo yake, au zilizopunguza mikopo hiyo, zinaweza kudaiwa zirudishwe pamoja na riba, ikiwa masomo yamemwongezea sana uwezo wa kipato. Yamemwongezea, nani asiyejua? Tazama tarehe tu. Malipo yaliyofanywa chini ya miaka 10 kabla ya kesi kufunguliwa, sheria inachukulia kwamba ndoa bado haijafaidika nayo vya kutosha, nawe una nguvu. Yakizidi miaka 10 mambo yanageuka, inakuwa kazi yako kuthibitisha vinginevyo.

Kilichoniuma ni kwamba kodi ya nyumba na chakula ulivyogharamia wewe, yeye akiwa darasani, havimo katika hesabu hiyo. Zamu zote zile za usiku! Lakini Salim anasema hakimu hutakiwa kuuzingatia mchango wa namna hiyo anapopanga matunzo yako wewe, kwa hiyo usikae kimya, useme.

Narudi kwenye udhamini, maana hapo ndipo ninapokuogopea. Ahadi ya shemeji isikutoshe, hata kama ni ya kweli, na mimi naamini ni ya kweli. Mtu hupoteza kazi, huugua, huoa tena. Dai kwamba kabla ya yote aukope upya mkopo ule kwa jina lake peke yake, au benki ikuondoe kwa maandishi. Baadhi ya benki hukubali mkopaji akishalipa kwa muda bila kukosa na kipato chake kikitosha. Vinginevyo, nyumba ikiuzwa, deni hilo lilipwe siku hiyohiyo na likatwe kwenye fungu lake, si lako.

Sasa nijibu. Nakala ya mkataba wa benki unayo, au anayo yeye? Malipo yalikuwa yakitoka akaunti ipi, ya pamoja au ya mshahara wako? Taarifa za benki za miaka ile bado unaweza kuzipata? Una wakili wako mwenyewe, au mnamsikiliza huyo mmoja wa kwake? Mama yako umemwambia, au bado? Na hiyo Ijumaa ya kutia saini, ni nani aliyeipanga, na kuna ubaya gani ikisogezwa?

Nipigie hata kama ni usiku wa manane huku.

Wako,
Asha