Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Stesheni Zilizobaki Bila Reli

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na suala la ada limo kwenye ajenda yake. Taarifa hii inahusu zaidi kazi ya kamati ya kumbukumbu za reli ya kusini, kwani ndiyo iliyobeba mwaka wetu.

Kwa wanachama wapya: reli hii ililetwa na mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Njia ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, wakati gati la maji marefu la Mtwara likiwa halijawa tayari. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, kabla hata reli haijapata mzigo wake. Tawi la Masasi liliongezwa baadaye, lakini korosho ni mzigo wa miezi michache tu, na mataruma (vipande vinavyolaliwa na reli), madaraja na mishahara havingoji msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni zilisimamishwa na reli zikang'olewa.

Kinachotafutwa, basi, ni stesheni bila reli. Wengi huanza kwa kutafuta jengo. Anzeni na ardhi. Njia ya reli haipandi ghafla, kwa hiyo tuta lake hupita juu ya bonde na mkato wake hupasua kilima, na kona zake ni pana kuliko za barabara yoyote ya zamani. Mahali tuta linapopanuka ghafla na kuwa bapa kwa urefu wa treni nzima, hapo palikuwa na njia ya kupishana. Reli ilikuwa moja tu, hivyo treni mbili zilikutana stesheni pekee, na urefu wa njia hiyo ndio ulioamua treni ivute mabehewa mangapi. Karibu yake tafuteni msingi wa tenki la maji, maana injini za mvuke hazikuweza kwenda mbali bila kunywa. Kalvati nazo zisipuuzwe: nyingi hudumu kuliko majengo, kwa kuwa hakuna anayefaidika kuzibomoa.

Vyuma vimehama. Kipande cha reli mtakikuta kimeshika paa au kimegeuzwa kengele ya shule, na taruma la chuma ni nguzo ya uzio. Ubavuni mwa reli mara nyingi kuna maandishi yaliyoinuka: kiwanda, mwaka, na uzito kwa ratili kwa kila yadi. Sugueni kutu kwa brashi ya waya, pakeni chaki, kisha pigeni picha mwanga ukitokea upande. Msikwangue kwa patasi. Pale reli mbili zilipobaki sambamba, umbali wake, yaani geji, hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vyake. Njia hii ilikuwa ya milimita 1,000 kama reli ya zamani ya kati, wakati TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067 na SGR, reli mpya ya kisasa, ni 1,435.

Kuhusu matumizi mapya, kamati haikubaliani na wanaotaka kila jengo la reli liwe makumbusho. Jengo tupu hufa upesi: bati moja likiruka, maji huingia ukutani na mchwa hupanda kwenye kenchi. Ghala la mazao, zahanati au ofisi ya kijiji ni mpangaji mzuri, mradi asizibe dirisha la tiketi na asivunje ukingo wa jukwaa la abiria. Upenu mpana wa mbele nao uachwe wazi. Ulijengwa ili watu na mizigo wakae kivulini, na kazi hiyo bado ipo siku ya gulio.

Kosa linalorudiwa zaidi ni saruji. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa zikipigwa plasta ya saruji hushindwa kutoa unyevu. Maji hutafuta pa kutokea, chumvi hukauka nyuma ya plasta na kusukuma uso wa jiwe mpaka umomonyoke. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu plasta imeshaachia. Tumieni chokaa iliyozimwa sehemu moja kwa mchanga wa mto sehemu tatu. Mchanga wa pwani una chumvi, hata ukioshwa msiuamini. Pigeni tabaka jembamba na lifunikwe kwa magunia yenye unyevu, kwani jua likilikausha haraka hupasuka.

Haraka yetu ina sababu. Reli inayopangwa ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, itahitaji ardhi, na mitambo ya kusawazisha haiulizi tuta lilikuwa la nani. Geji mpya inataka kona pana zaidi, kwa hiyo si kila alama ya zamani itaguswa, ila itakayoguswa haitarudi.

Ukaguzi ujao ufanyike Julai na Agosti, majani yakiwa yamekauka na kabla watu hawajaingia kuokota korosho. Kila kundi libebe futi kamba ya mita 30, brashi ya waya, chaki na rula ya kuweka ndani ya picha. Mwanzo ni kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha mwenye shamba. Tuta hilo kwa sasa ni mpaka wa mikorosho yake. Fomu ziko kwa katibu.