Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: kabla ya kuchoronga Dar, aulizwe anayeijua ardhi yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Magomeni Mapipa, si mbali na ukingo wa Bonde la Msimbazi. Mimi ni fundi sanifu wa udongo, sasa nimestaafu. Miaka 27 nimekaa nyuma ya mashine za kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kwenda chini, nikilikagua tope linalotoka shimoni kama mama anavyokagua nepi ya mwanawe. Wahandisi wenye mihuri wapo wengi na ninawaheshimu. Ila kuna mambo ya chini ya ardhi ambayo yako kwa sisi tuliochafuka, na hayaulizwi.

Nianze na Upanga. Ilikuwa mwaka 2014, jengo la ghorofa 12, upande ule unaoteremka kuelekea daraja la Salender. Kampuni iliyopewa kazi ya paili, yaani zile nguzo za zege zinazozamishwa ardhini kubeba jengo, ilitoka nje ya nchi na mashine mpya iliyong'aa hadi watoto wa jirani walikuja kuitazama. Opereta alikuwa kijana wa Kunduchi, mtoto wa mvuvi. Asubuhi akamwambia msimamizi: "Bosi, leo bamvua. Saa kumi jioni maji yatakuwa yamejaa, tusiwe na shimo wazi." Msimamizi alicheka. Aliona bahari iko kule, saiti iko huku, na kati yake kuna barabara.

Hakujua kwamba mchanga wa pale unapumua na bahari. Pwani yetu, maji ya bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu bahari inapojaa kuliko kawaida, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mahali palipo karibu na mkondo, maji ya ardhini nayo yanafuata, kwa kuchelewa kidogo. Shimo la paili linashikiliwa na uji wa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi uliosagwa na kukorogwa na maji, na uji huo lazima ukae juu ya usawa wa maji ya ardhini, walau kwa mita moja hivi, ili ndio usukume kuta. Ukizidiwa, maji ya nje yanaingia na mchanga wake. Siku ile mtambo wa kukorogea bentonaiti ulikuwa umekwama, uji ukashuka, bahari ikapanda. Tukasikia shimo linakohoa. Ndiyo sauti yenyewe, sina neno jingine.

Wakamimina zege hivyo hivyo. Baada ya wiki kadhaa zikaja zile nyundo ndogo za kugonga kichwa cha paili ili kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini, na mwangwi ukaeleza kila kitu: paili sita zilikuwa na shingo nyembamba katikati. Zikapigwa mpya pembeni yake. Muda uliopotea ulizidi miezi miwili, na bili ilimfikia mwenye jengo, kama kawaida. Kijana wa Kunduchi alikuwa ameshaachishwa kazi kwa "kuchelewesha ratiba".

Mheshimiwa, simsemi mgeni kwa ugeni wake. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, mita 680, na Daraja la Tanzanite lenye zaidi ya kilomita moja, yote yalijengwa na makandarasi wa nje, na baadhi ya wachorongaji wetu hodari kazi ya majini wameijulia huko. Kwa upande mwingine nimeshawahi kufanya kazi chini ya mzawa wa karatasi: leseni yake, mashine ya kukodi, fundi wa kukodi, hata koti la kung'aa la kuazima. Huyo simtetei. Ninayemwita mtaalamu wa hapa ni yule aliyekwisha kuzama katika udongo huu mara nyingi na kukumbuka alichokutana nacho, pasipoti yake iwe ya nchi yoyote.

Maana Dar si udongo mmoja. Nenda Msasani na Oysterbay: utachoronga kidogo ukute jiwe la matumbawe gumu kweli kweli, mashine inatetemeka, kila mtu anafurahi kwamba mwamba umepatikana, basi hapo hapo paili isimamishwe. Teremka mita mbili zaidi, unaweza kukuta mchanga uliolegea au tundu tupu. Paili ya kipenyo cha sentimita 60 na kina cha mita 20 inatakiwa imeze mita za ujazo 5.7 hivi za zege. Niliwahi kusimama kwenye shimo moja la Msasani lililomeza 11, magari ya zege yanapishana, mhasibu wa kampuni anatazama saa. Fundi aliyekulia kwenye matumbawe anachoronga kwanza tundu jembamba la uchunguzi linalopita chini ya ncha ya paili, ndipo anaamua. Ni kazi ya siku moja tu.

Halafu kuna majina. Msasani hapo hapo pana mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Wazee hawakuita hivyo kwa ushairi.

Na Jangwani ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakoelekea sasa, kwa mradi wa Bonde la Msimbazi na daraja jipya la mita 390. Pale chini kuna mfinyanzi laini ulioletwa na mto na mafuriko, hauna haraka ya kutulia. Juu yake watu wamemwaga taka na kifusi kwa miaka mingi, na mradi wowote wa kunyanyua ardhi utaongeza kifusi kingine. Mfinyanzi ukibebeshwa mzigo mpya unaendelea kushuka polepole, pengine kwa miaka, na unaposhuka unaing'ang'ania paili na kuivuta chini. Hapo paili ndiyo inaubeba udongo, na hesabu ya awali ilisema kinyume. Wahandisi wanalijua hili vitabuni. Swali ni kifusi hicho kina kina gani, kilimwagwa lini, na chini yake mfinyanzi unaishia wapi. Hayo vitabu havisemi.

Sasa tazama nyaraka za zabuni. Najua utaratibu mpya wa ununuzi umewatengea wazawa kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50, na hilo ni jema. Lakini miradi yenye paili ndefu aghalabu iko juu ya kiwango hicho, na paili zimo ndani ya mkataba wa mkandarasi mkuu, basi anamleta amtakaye. Vigezo nilivyowahi kuvisoma vinauliza mauzo ya mwaka, idadi ya mashine, na mita za paili ulizowahi kupiga popote duniani. Mita zilizopigwa kwenye changarawe kavu ya nchi nyingine zinapewa alama sawa na mita za Jangwani. Sheria ya ununuzi iko kwa mwenzako wa Fedha, naelewa. Vigezo vya kitaalamu vya madaraja na barabara vinaandikwa chini ya wizara yako. Waagize waandike hivi: mchorongaji mkuu na opereta wataje maeneo ya pwani hii waliyochoronga, matokeo ya vipimo vya paili yaambatanishwe, na zilizofeli zitajwe. Aliyefeli Upanga na kueleza kwa nini ana thamani kuliko asiyewahi kufika.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Anayechimba kisima cha maji anatakiwa kisheria kupeleka taarifa za kisima chake kwenye bodi ya maji ya bonde. Sisi tuliochoronga kwa ajili ya majengo na madaraja, kwa nilivyoona mimi, ripoti ilikabidhiwa, bili ikalipwa, kitabu kikaingia kabatini kwa mwenye mradi. Jengo la jirani likianza, wanachoronga mashimo mawili pale palipohitaji sita, kwa kubana fedha, ilhali jibu limelala hatua 50 kutoka hapo. Maabara kuu ya vifaa ya TANROADS iko mjini hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa udongo na wanafunzi wanaotafuta mada ya kuandika. Taarifa za kila shimo lililochorongwa kwa fedha ya umma ziwekwe mahali pamoja, zikiwa na sehemu lilipo, matabaka yake na hesabu za nyundo, yaani mapigo yaliyohitajika kupima ugumu wa udongo, na mkandarasi yeyote aruhusiwe kuzisoma kabla ya kuweka bei.

Mimi nina madaftari 14. Yameandikwa kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino unachuruzika kwenye mvua. Mengi ni mashimo ya miradi ya serikali, kwa hiyo siyo yangu, ni yenu. Yaliyobaki ya watu binafsi nitawaomba ruhusa mwenyewe, wenye majengo wengi bado wananifahamu. Ukimtuma mtu wa wizara Magomeni, aje asubuhi, na aje na mtu anayejua kusoma mwandiko mbaya.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu mstaafu,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam