Risala ya wanafunzi wachoraji wa mandhari kwa Mgeni Rasmi, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shikamoo. Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, tunawasalimu nyote. Mheshimiwa, karibu mwisho wa reli, na karibu mbele ya picha hizi.

Sisi ni wanafunzi tunaochora mandhari. Siku za mapumziko tunashuka Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tunaketi palepale, tunachora ziwa lilelile. Wengi hutuuliza kwa nini hatutafuti kitu kipya. Tunaomba tukujibu wewe, maana kazi yetu yote imo katika jibu hilo.

Asubuhi jua hutokea mgongoni kwetu, likaimulika milima ya Kongo ng'ambo hata mikunjo yake ikahesabika. Jioni linazama nyuma ya milima hiyohiyo, nayo inabaki umbo moja la giza. Kiangazi kikikolea, moshi na vumbi huifuta kabisa. Mvua za kwanza zikishaosha hewa, inasogea karibu, unadhani utaifikia kwa kuogelea. Ziwa hili lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, na hewa yote hiyo iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu. Ndiyo maana mlima wa mbali hupauka na kuwa buluu, hata kama umefunikwa na msitu. Anayeanza kuchora huupaka kijani kibichi kwa sababu anajua miti ni ya kijani, na mlima unamrukia usoni. Kazi ya kwanza ya mchoraji, kwa maoni yetu, ni kuamini jicho kuliko anachokijua. Picha ya simu haisaidii sana hapa: milima ile huigeuza ufito mwembamba.

Tunaanza na mstari wa maji, kisha tunafumba macho nusu ili tuone sehemu kubwa za mwanga na kivuli tu. Mitumbwi na watu huja mwishoni. Nyuma ya karatasi tunaandika tarehe, saa na upepo, kama alivyofanya John Constable wa Uingereza alipochora mawingu ya Hampstead mwaka 1821 na 1822. Paul Cézanne wa Ufaransa aliurudia mlima mmoja, Sainte-Victoire, kwa zaidi ya miaka 20. Oktoba 1906 mvua ilimkuta nje akichora, akaanguka, na siku chache baadaye akafariki. Na hapa nchini tunaye Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na London na kuiwakilisha Tanganyika kibalozi Uingereza. Pamoja na safari zote hizo, picha zake zilibaki kwao: migomba, miteremko, watu wakifanya kazi pamoja. Huyo ndiye anayetupa moyo kuliko wote.

Mheshimiwa, kurudi palepale kumetufundisha pia kuona kinachoondoka. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, taa za wavuvi wa dagaa zilitoweka usiku. Anayechora usiku wa Kigoma huzizoea taa zile mpaka anazisahau. Zilipozimika ndipo tulipotambua kwamba ndizo zilizokuwa zikituonyesha maji yanaishia wapi.

Tunazo shida. Kanvasi ni ghali, kwa hiyo tunachora juu ya hadibodi kwa rangi za kupakia milango. Edward Saidi Tingatinga alitumia hadibodi na rangi za baiskeli Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na ziliwafaa sana ndege na wanyama wake. Kwetu zinagoma: zinang'aa, na ukungu haung'ai. Chumba cha kuhifadhia picha hatuna. Mchwa na unyevu vimekwishaharibu kadhaa.

Tunaomba utusaidie kupata rangi za kuchorea na kabati la chuma lenye kufuli. Tunaomba pia utuombee ukuta katika stesheni yetu ya reli, jengo lililosimama tangu enzi za Wajerumani, ili abiria wanaosubiri treni waone ziwa la asubuhi na la jioni likiwa limetundikwa pamoja.

Baada ya risala hii tunaomba upite kwenye picha. Mchoraji wa kila moja atakuwa amesimama kando yake, tayari kujibu maswali yako.

Tunaomba kuwasilisha.