Barua kwa mpwa wangu kuhusu makaburi ya barabara ya Bagamoyo

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Lile swali ulilouliza siku ya hitma ya Babu halikuwa utovu wa adabu, ingawa mama yako alikukata jicho. Ulisema waliozikwa kwenye makaburi ya jeshi barabara ya Bagamoyo walikufa katika ugomvi wa Wazungu kwa Wazungu, sasa sisi wanatuhusu nini hata tukasimame mbele yao? Watu wakainamia sinia za pilau, mazungumzo yakahamia kwenye foleni ya Tegeta. Mimi sikupenda yaishie hapo. Nakujibu hadharani kwa sababu wanaopita pale na daladala kila asubuhi na kila jioni bila kugeuza shingo ni wengi, na wengi wana swali hilohilo.

Kwanza uwajue waliomo. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa ndio watawala wa nchi hii, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza kwao Ulaya ikahamia na huku. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, lakini mapigano yaliendelea kusini mpaka Msumbiji, na jeshi la Wajerumani likaja kuweka silaha chini Novemba 25, 1918, huko ambako leo ni Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Waliokufa upande wa Waingereza katika mji wetu walizikwa Ocean Road. Mwaka 1968 ikatakiwa kupitishwa barabara, makaburi 660 yakahamishiwa hapo unapopaona. Miaka michache baadaye yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka mikoani, kulikokuwa hakuna tena wa kuyatunza. Leo wanaokumbukwa pale kutokana na vita ile wanapita 1,700: Waingereza, Wahindi, watu wa Afrika Kusini, na Waafrika wa huku kwetu.

Hapo kwenye Waafrika ndipo ninapotaka tukae, mpwa wangu.

Kule Ocean Road Mzungu alikuwa na kaburi lake mwenyewe lenye alama. Upande wa Waafrika hapakuwekwa alama ya mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo siku ya kuhamisha hapakuwa na namna ya kujua mfupa huu ni wa nani, wakazikwa kwa pamoja. Mtu alikufa mara moja kwa dhiki ya vita, akazikwa mara mbili, na mara zote mbili bila jina.

Na hao waliobahatika kuzikwa mjini ni wachache. Wengi zaidi walikuwa wapagazi. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, barabara za magari hazikuwepo, kwa hiyo chakula, risasi, mahema na hata mizinga iliyofunguliwa vipandevipande vilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki. Waliofariki wakaandikwa kwenye hesabu zao ni kama 95,000, na wanahistoria wanaamini waliokufa kweli ni wengi zaidi. Risasi iliua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, wakiwa wamebebeshwa mzigo wa karibu kilo 30 kwenye mvua, tena kwa posho ya unga waliousonga haraka ukaliwa mbichi. Pale Kariakoo, unapokwenda kununua viatu, ndipo ilipokuwa kambi yao.

Baada ya vita yakaulizwa makaburi ya wapagazi yafanywe nini, yakiwemo ya Dar es Salaam, na yalikuwa makubwa. Utawala wa Kiingereza hapa Tanganyika ukaona ni heri yaachwe yaote pori upesi. Nimelisoma hilo zaidi ya mara moja, na kila mara hunichoma upya. Hawakushindwa kuwakumbuka kwa kukosa fedha tu. Waliamua.

Badala ya makaburi wakajenga ile Sanamu ya Askari, pale Samora, mwaka 1927. Umepigia picha pale na wenzako. Safari nyingine sogea uisome. Maandishi yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za kirumi na za Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Mimi naipenda sanamu ile, askari ameinama na bunduki yake kuelekea bandarini kana kwamba sasa hivi anaondoka. Lakini ile ahadi kuhusu majina waliiandika watu ambao pale hawakuandika hata jina moja la mpagazi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza pale barabara ya Bagamoyo, ilitoa ripoti na kukiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Radhi nimeisikia. Ninachosubiri ni majina.

Sasa jibu la swali lako. Wanatuhusu kwa sababu baba wa babu yetu ni mmoja wao. Alichukuliwa Uzaramo akiwa kijana aliyeoa karibuni, akaenda na mzigo wa watu, hakurudi. Nyumbani walisubiri msimu hadi msimu, mwisho wakamswalia swala ya ghaibu, maana maiti haikuwepo. Kama yumo kwenye yale makaburi ya pamoja, au yuko porini Rufiji, Mungu ndiye ajuaye. Wala sina hakika ya upande aliobebea, kwa kuwa Wajerumani nao walikuwa na askari na wapagazi wa kwetu, na waliwakokota watu vijijini vilevile. Ndugu walilengana bunduki kwa amri ya wageni wawili.

Na yule kijana wa Kiingereza aliyezikwa jirani, aliyekufa kwa malaria hata Dar hajaijua vizuri? Naye namsimamia. Hakuchagua yeye nani apewe jiwe na nani anyimwe. Kwa waliotuhusu nasoma Fatiha, kwa wengine nasimama kwa heshima, na sijaona moyo ukipungukiwa kwa kufanya yote mawili.

Ulisema pia kwamba mashujaa wa kweli ni wa Kagera. Ni mashujaa kweli, na hapo sikupingi hata kidogo. Waliokufa katika vita ile ya 1978 na 1979 wanatunzwa Kaboya, wilayani Muleba, na wale waliokwenda kuisaidia Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara. Kila Julai 25 taifa huwakumbuka: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, silaha za jadi zinafuatana mbele ya mnara, tarumbeta inalia, viongozi wa dini wanaomba dua. Miaka ilipofanyika hapa Mnazi Mmoja nilikwenda kila nilipopata nafasi, na bado mwili hunisisimka tarumbeta ile ikianza.

Ila jirani yetu mjane, unayemwita Bibi Mkubwa, mumewe yuko Kaboya. Kutoka Dar mpaka Muleba ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,300. Kwa pensheni yake ataifanya mara ngapi? Ningefurahi kuona siku moja basi la wajane na watoto wa mashujaa likiondoka hapa kila Julai bila wao kutoa nauli. Maua ya viongozi ni mazuri, lakini wapo watu ambao kaburi lile ni la mume wao.

Na wapo wa juzi tu. Askari wetu saba waliuawa Darfur Julai 2013, na Desemba 2017 wakauawa wengine 14 kwa siku moja kule Kongo, kwenye kambi ya Semuliki, wakilinda amani. Miili yao ilipokelewa hapa Dar, ikaagwa kwa heshima zote za jeshi, kisha kila mmoja akapelekwa kwao. Ni haki yao kulala na wazazi wao, na familia zao zina pa kwenda. Ninachotaka ni kijiji kizima kijue pale amelala nani na alifia wapi, ili mwalimu wa shule ya jirani awapeleke watoto walione kaburi na wasikie habari zake.

Basi nina kazi ya kukupa, kwa kuwa una simu nzuri na una subira na wazee kuliko sisi. Nenda kwa Bibi yako kabla ya mfungo, ukae naye mchana kutwa, umrekodi. Muulize jina kamili la huyo baba wa babu yetu aliyechukuliwa, jina la utani pia, la mkewe, la jumbe wa kijiji siku walipokuja kuchukua watu, na kama kuna mwenzake aliyerudi akasimulia. Tukipata hata hayo matano tutayapeleka kwa hao wa Tume, tuwatake wayaweke kwenye kumbukumbu zao, na tutayasoma wenyewe kwenye hitma ijayo. Bibi husinzia baada ya alasiri, kwa hiyo wahi asubuhi, na mpelekee kashata za nazi, zile laini.

Mjomba wako