Nimepewa timu, na ndani yake yumo aliyenifundisha kazi

Ndugu mshauri, pamoja na wasomaji mliowahi kuongoza watu kazini,

Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kuanzia muhula ujao vitengo vyetu vya siku zote vinavunjwa: upokeaji wa vitabu, uorodheshaji, majarida na kaunta ya kuazima. Badala yake zinaundwa timu, kila timu na ndaki yake (kundi la idara za chuo), ikishughulika na yote kuanzia kuchagua vitabu hadi kuwafundisha wanafunzi kutafuta makala mtandaoni. Nimeteuliwa kuongoza timu ya elimu na lugha. Mmoja wa watu wa timu hiyo ni mzee aliyekuwa mkuu wangu wa kitengo, ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo cha ukutubi Bagamoyo.

Mabadiliko yenyewe nayaunga mkono kwa moyo wote. Sasa hivi kitabu kikiingia hupigwa muhuri, huandikwa kwenye daftari la usajili, husubiri foleni ya waorodheshaji, kisha hubandikwa lebo ndipo kifike rafuni. Kila hatua ina mkuu wake, na kila mkuu ana haraka zake. Mhadhiri anaomba kitabu cha kozi ya muhula wa kwanza, anakiona rafuni wanafunzi wakiwa wameshamaliza mitihani. Ukiuliza kimekwama wapi, kila kitengo kinajibu, "Kwetu kimeshatoka." Na hakuna anayedanganya! Kazi haina mwenyewe, basi.

Mkuu wa maktaba alitupa mfano wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Huko Carla Stoffle, aliyeanza kuiongoza maktaba yao mwaka 1991, alivunja vitengo akaweka timu zenye mamlaka ya kuamua mambo yake, tena wakati bajeti inabana. Nilivutiwa sana. Ila wenzetu wana utumishi wao na sisi tuna wetu.

Nianze na mzee. Riwaya ya Kiswahili ikitua mezani kwake, 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, ameshaiandika kabla sijafungua majedwali ya Dewey, mfumo wa namba za kupanga vitabu kwa mada. Lakini hiyo ni kazi ndogo. Anakohitajika hasa ni kwenye mambo yetu wenyewe, unyago, ngoma, mila za uzazi, ambayo orodha za vichwa vya mada (maneno ya kutafutia vitabu kwenye katalogi) zilizotungwa ughaibuni huyapitia juujuu tu. Yeye ndiye aliyekaa miaka akituandalia vichwa vinavyomfaa msomaji wa hapa, na vingi bado viko kwenye madaftari yake, kwa mwandiko wake. Sasa amevuliwa ukuu wa kitengo, na posho ya madaraka imekwenda na cheo, naye anakaribia miaka 60. Hakubisha wala hakulalamika popote.

Katika kikao cha maandalizi nilimuuliza, "Mzee, wewe unaonaje?" Akasema, "Amua wewe, mwanangu, wewe ndiye kiongozi." Baada ya hapo hakuna aliyefungua mdomo. Kijana gani atatoa wazo wakati mkubwa amekataa kutoa lake? Nikalazimika kugawa kazi mwenyewe, huyu hiki, yule kile. Yaani timu iliyoundwa ili watu waamue pamoja ikawa inapokea amri zangu, na mimi sina hata robo ya ujuzi wake.

La pili ni tathmini. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, kila mtumishi ana kazi zake na msimamizi wa kuzipitisha na kumpa alama. Msimamizi wa mzee sasa nitakuwa mimi. Nampaje alama mtu aliyenifundisha kushika kalamu ya kuorodhesha? Na vijana nao wameshaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: nikiacha foleni yangu nikamsaidia mwenzangu kaunta, alama zangu zitaonekana wapi? Tunaambiwa tufanye kazi kama timu huku kila mmoja anapimwa peke yake.

Mwenzangu mmoja kanishauri nimwache mzee atulie mpaka astaafu. Siafiki hata kidogo. Akiondoka na yale madaftari, wanafunzi watakaosoma hapa miaka mingi ijayo watatafuta vitabu tulivyo navyo na hawataviona. Nimefikiria kuomba awe mshauri wa uorodheshaji kwa timu zote, lakini nahofia tutakuwa tumekirudisha kitengo cha zamani kwa mlango wa nyuma, na foleni ileile. Nimefikiria pia tupokezane uenyekiti wa vikao, aanze yeye. Je, ataona ni heshima au ataona namfariji?

Mliopitia haya, nisaidieni. Mlifanyaje ili wakubwa waseme na wadogo nao wathubutu? Malengo ya pamoja mliyaingizaje kwenye tathmini ya mtu mmoja mmoja bila kuvunja taratibu za utumishi? Na suala la posho, nilipeleke mimi kwa uongozi, au nitaonekana namsemea mtu mzima ambaye hakunituma?

Kabla ya kikao rasmi natamani kwenda kumwona nyumbani kwake. Niende peke yangu, au nitafute mtu wa rika lake anisindikize?

Mkutubi,
Dar es Salaam