Vijana wa Lamu, Acheni Kuhesabiana

Wanangu, mlio visiwani na mlio bara, kutoka Kiunga hadi Witu, na nyinyi mlioko Mombasa na Nairobi kwa masomo na vibarua,

Assalaam alaykum. Na nyinyi wa makanisani kule Mpeketoni na Hongwe, pokeeni salamu zangu vilevile.

Wajukuu wangu wamenionyesha kwenye simu mnavyorushiana maneno. Mmoja anasema Waamu na Wabajuni wamemezwa kwao. Mwingine anamjibu kwamba aliyezaliwa Mpeketoni na akazika wazazi wake Mpeketoni si mgeni wa mtu. Na kila upande una tarakimu zake za sensa, nyingi zikiwa za kubuni. Mtanistahimili nikitoa zilizo sahihi.

Sensa ya 2019 ilitukuta tuko 143,920. Miaka kumi kabla yake tulikuwa 101,539. Katika kaunti zote 47 hakuna yenye watu wachache kuliko sisi, na si kwamba hatuna ardhi: tuna zaidi ya kilomita za mraba 6,200, watu 23 tu kwa kila kilomita, ilhali wastani wa Kenya ni 82. Lamu Magharibi ilihesabiwa watu 121,662. Lamu Mashariki, yaani wodi za Faza, Kiunga na Basuba, 22,258.

Sasa chukueni Wakenya wote wa mwaka huo, 47,564,296, muwagawe kwa maeneo bunge 290. Kila mbunge anapata watu 164,015. Linganisheni na idadi yetu. Lamu nzima, Mwamu na Mbajuni, Mwaweer na Muorma, Mgiriama na Mkikuyu, tukikusanywa sote hatufikishi kiwango cha eneo bunge moja. Na sisi tuna mawili. Huo ndio wingi mnaougombania.

Yalisalia mawili kwa sababu Katiba ya 2010 iliweka kinga: mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Maeneo 27 yenye watu wachache yaliponea hapo, Lamu Mashariki likiwemo. Kinga ilikuwa ya mapitio yale ya kwanza tu. Yajayo, yawe lini yawe, hayana kinga hiyo. Katiba inairuhusu tume ya uchaguzi na mipaka iongeze au ipunguze kiwango hicho kwa asilimia 40 katika majiji na mahali penye watu waliotawanyika. Lamu Magharibi inapita kwa kipimo hicho. Lamu Mashariki haifiki hata asilimia 14 ya kiwango. Msidanganywe na wanasiasa kwamba mkirudi nyumbani nyote siku ya sensa mambo yatatengenea. Rudini, maana karani humwandika mtu pale alipolala usiku ule, na waliolala Kisauni usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 wamo kwenye hesabu ya Mombasa. Lakini hata mkirudi na wake zenu na watoto wenu, pengo hilo halizibiki kwa vichwa.

Litazibwa na nini, basi? Ramani. Na hapa ndipo ninapowalaumu, kwa sababu wengi wenu hamuijui kaunti yenu. Nimekutana na vijana wa Langoni ambao hawajawahi kufika Witu, na wa Hindi ambao Pate wameisikia tu.

Chukueni safari ya kutoka Lamu mjini kwenda Faza, kisiwani Pate. Boti hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku karibu ikuguse bega. Maji yakiwa yamejaa, unapita na maongezi yako. Kwa miaka mingi, yakipwa, nahodha alizima mashine, vijana wakashuka topeni kusukuma, na pasiposukumika mlikaa humo ndani na mizigo, mama mjamzito, mgonjwa na kuku, kungoja maji yapande. Kuzunguka kwa nje nako, kusi ikivuma, si jambo la kumshauri mtu mwenye watoto. Hivyo ndivyo mwananchi wa Kizingitini amekuwa akienda kutafuta huduma makao makuu ya kaunti. Sheria inalitambua hilo: Kifungu cha 89 cha Katiba kinaitaka tume izingatie maumbile ya nchi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa watu kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Nani kati yenu ameandika hata ukurasa mmoja juu ya Mkanda na kuuweka tayari?

Na jueni ni kwa nini watu wamekaa walivyokaa. Pwani ya bara upande wa kaskazini haikuwa tupu hivi. Vita vya shifta vya miaka ya 1960, vya waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vilivihamisha vijiji vya Wabajuni, watu wakakimbilia Pate, wengine Malindi na Mombasa, na mashamba yakarudi msitu. Miaka ya karibuni, mashambulizi na operesheni ndani ya msitu wa Boni vimewapa Waaweer wa Basuba adha nyingine, shule zikafungwa, watu wakabanwa wasiingie msituni wanakopata asali na dawa. Kwa hiyo mtu akikwambia Lamu Mashariki haina watu, mwambie walifukuzwa, kisha ndio wakahesabiwa.

Upande wa magharibi, serikali ilianza kugawa mashamba kandokando ya Ziwa Kenyatta mapema miaka ya 1970, wakaja watu wasio na ardhi, wengi kutoka Mkoa wa Kati. Walikuta udongo mzuri na maji. Maji ndiyo siri yenyewe: mji wa Lamu unakunywa kutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, Pate wanatega mvua kwa majabia, yaani matangi ya kuvunia maji, na Mpeketoni wanategemea ziwa ambalo kiangazi kikikaza hupungua hadi likatisha. Bandari ya Lamu nayo ilipofunguliwa, gati la kwanza Mei 2021, imevuta watu upande uleule. Sikatai kwamba wapo wenyeji waliokosa hati za ardhi huku wakiona wenzao wakipewa. Dhuluma hiyo ipo na tuendelee kuidai. Lakini aliyepewa shamba kwa karatasi ya serikali si yeye aliyekunyima wewe.

Sasa lililonifanya niandike. Katika yale maeneo 27 hatukuwa peke yetu. Galole na Bura, majirani zetu wa Tana River, yamo. Isiolo Kusini imo. Mwatate na Wundanyi zimo. Na yamo pia Othaya na Tetu za Nyeri, na Kangema ya Murang'a. Yasomeni majina hayo ya mwisho mara mbili. Huko ndiko asili ya wengi wa wale mnaowaita wageni. Wazee wao wana hofu ileile tuliyo nayo Faza, kwa sheria ileile. Ikiwa kinga itarudishwa, itarudishwa na Bunge kwa kurekebisha Katiba, na kaunti yenye wabunge watatu, tukimhesabu mwakilishi wa wanawake, haiwezi kulisukuma jambo hilo peke yake.

Kwa hiyo kijana wa Mpeketoni mwenye mjomba Kangema ana faida kwangu mimi mzee wa Faza kuliko kijana wangu anayeshinda akimtukana. Mtafuteni. Mkutane Mokowe, ni katikati kwa wote. Wa Kizingitini alete saa za maji Mkanda, mwezi mzima, za bamvua na za maji mafu. Wa Basuba alete orodha ya shule zilizofungwa na masafa ya kufika zahanati. Wa Mpeketoni na Hongwe waandike barua kwa jamaa zao wa Nyeri na Murang'a, na barua hiyo isainiwe na Waamu pia. Mkikwama kwa lugha ya sheria, Lamu ina mawakili wake, na wengi wao ni watoto tuliowachangia karo.

Nauli ya boti ya watakaotoka Faza nitaichanga mimi na wazee wenzangu.

Mzee wenu,
Faza